Mshenga wa Ghuba: Oman na Lugha ya Kuhimiza Kujizuia katika Migogoro ya Mashariki ya Kati, 1979–2025

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna taifa dogo linavyoitumia lugha ya kuhimiza mazungumzo na kujizuia pale mgogoro wa kikanda unapozidi kushadidi. Mfano uliochunguzwa ni Oman, kuanzia mapinduzi ya Iran ya mwaka 1979 hadi vita vya siku 12 vya Juni 2025. Hoja inayojengwa ni kwamba istilahi za usuluhishi na upatanishi, ambazo vyombo vya habari vya Kiswahili huzitumia kwa kubadilishana, hazielezi sawasawa kazi ambayo Oman imekuwa ikiifanya. Dhana ya ushenga, iliyomo katika desturi ya posa ya Waswahili, inaieleza kazi hiyo kwa usahihi zaidi, pamoja na udhaifu wake. Sehemu ya mwisho inajadili swali ambalo matukio ya Juni 2025 yameliibua: wito wa kujizuia una thamani gani ikiwa anayeombwa ajizuie amekwisha kuamua kupiga?

Istilahi muhimu: kujizuia, ushenga, usuluhishi, vitendo-uneni, Oman

1.0 Utangulizi

Tarehe 12 Juni 2025, Waziri wa Mambo ya Nje wa Oman, Badr al-Busaidi, alitangaza kwamba duru ya sita ya mazungumzo baina ya Iran na Marekani ingefanyika Maskati siku ya Jumapili, tarehe 15. Alfajiri ya tarehe 13 Israeli iliishambulia Iran. Tarehe 14 waziri huyo alitangaza kwamba mazungumzo hayo hayangefanyika tena, akaongeza kuwa diplomasia na majadiliano vinabaki kuwa njia pekee ya kuelekea amani ya kudumu. Kauli hizi mbili, zilizotenganishwa na siku mbili tu na mabomu mengi, ndizo zilizoyazaa makala haya. Ya kwanza ilikuwa na tarehe, mahali na wahusika. Ya pili haikuwa na lolote kati ya hayo, na msomaji wa haraka angeweza kuihesabu miongoni mwa yale maneno ambayo kila wizara ya mambo ya nje huyatoa ili isionekane imenyamaza.

Usomaji wa namna hiyo umezoeleka, na kwa kiasi fulani una haki. Wito wa kujizuia hutolewa na mataifa mengi, wakati wowote, kwa gharama ndogo. Hata hivyo, usomaji huo hauwezi kueleza kwa nini Marekani na Iran, mataifa mawili yasiyo na uhusiano wa kibalozi tangu mwaka 1980, yalirudi tena na tena katika mlango uleule wa Maskati yalipotaka kusemezana. Kama maneno ya Oman ni matupu, mlango wake usingebishwa.

Yapasa kwanza kufafanua nini maana ya taifa dogo, kwa kuwa neno hilo hupotosha. Oman ina eneo la takribani kilomita za mraba 309,500, hivyo ni kubwa kuliko Italia. Wakazi wake ni milioni 5 na ushei, na zaidi ya watu wawili katika kila watano ni wageni. Udogo unaozungumziwa hapa basi si wa ramani bali ni wa uhusiano: kwa upande mmoja wa Oman ipo Saudi Arabia yenye watu zaidi ya milioni 30, na ng'ambo ya bahari ipo Iran yenye zaidi ya milioni 85. Taifa dogo, kwa maana inayotumika katika makala haya, ni lile ambalo haliwezi kumzuia jirani yake kwa nguvu na linajua kwamba jirani yake analijua hilo.

Uchambuzi unaongozwa na nadharia ya vitendo-uneni. J. L. Austin, katika mihadhara iliyochapishwa mwaka 1962 baada ya kifo chake, alionesha kwamba kusema ni kutenda, lakini tendo hilo hufaulu tu pale masharti yake yanapotimia. Asiye na mamlaka ya kufungisha ndoa akiwatamkia watu wawili kwamba wameoana, hakuna ndoa iliyofungwa. Amri ya dola kubwa hutimiza masharti yake kwa jeshi na vikwazo. Wito wa taifa dogo hauna jeshi wala vikwazo nyuma yake. Kwa hiyo masharti ya kufaulu kwake lazima yatafutwe mahali pengine, na makala haya yanadai kuwa yanapatikana katika mwenendo wa miaka mingi uliotangulia tamko lenyewe.

2.0 Maneno Yenyewe

Katika Kiarabu, ambacho ndicho lugha ya matamko rasmi ya Oman, wito huu huelezwa kwa kifungu chenye maana ya kuidhibiti nafsi. Kiswahili kiliyachukua maneno yote mawili ya kifungu hicho, yaani dhibiti na nafsi, kila moja kwa njia yake, lakini hakikukichukua kifungu kizima. Badala yake mazoea ya uandishi wa habari yamekipa kazi hiyo kitenzi kujizuia. Uteuzi huo ni wa bahati njema, kwa sababu mofolojia ya kitenzi hiki inabeba hoja nzima ya makala haya.

Kuzuia ni kitenzi elekezi: yupo anayezuia na yupo anayezuiwa. Kiambishi cha kujirejea -ji- kinapopachikwa, mtenda na mtendwa huwa mtu mmoja. Matokeo yake ni kwamba kujizuia hakukubali kauli ya kutendwa. Hakuna Mswahili atakayesema kwamba fulani amejizuiwa na mwingine. Anayetoa wito wa kujizuia, kwa hiyo, anakiri ndani ya sarufi yenyewe kwamba hana uwezo wa kuzuia, na kwamba uwezo huo umo mikononi mwa yule anayesemeshwa. Hapo udhaifu wa msemaji na heshima ya msikilizaji vimefungwa katika silabi moja. Dola kubwa inaposema "tutawazuia" inajitaja yenyewe kuwa mtenda. Taifa dogo linaposema "wajizuie" linajiondoa katika sentensi.

Kifungu kingine kinachostahili kuangaliwa ni "pande zote". Katika matamko mengi ya aina hii mtenda wa ghasia hatajwi: mvutano "umeongezeka", hali "imezorota", na pande zote "zinatakiwa" zijizuie. Wachambuzi hakiki wa usemi huuita ufichaji wa mtenda, na mara nyingi huulaumu, kwa hoja kwamba humsitiri mkosaji. Lawama hiyo ni ya haki pale msemaji ni mwenye nguvu anayeficha kosa lake au la rafiki yake. Kwa taifa linalotarajia kumpokea mkosaji mezani wiki ijayo, kutomtaja kuna kazi tofauti; ni kiti kinachoachwa wazi. Ndiyo maana mchambuzi wa matamko ya Oman anapaswa kuwa makini zaidi na nyakati ambazo kifungu hicho kinaachwa na jina linatajwa. Nyakati hizo si nyingi, na mbili kati yake zilitokea Juni 2025, kama itakavyoelezwa.

Kuhusu anayefanya kazi ya kuwakutanisha mahasimu, Kiswahili cha habari hutumia msuluhishi na mpatanishi bila kutofautisha. Maneno haya yanafanana katika jambo moja la kimofolojia: yote yamejengwa juu ya kauli ya kutendesha. Mpatanishi ni anayewafanya watu wapatane, na msuluhishi ni anayewafanya wafikie suluhu. Matokeo yamo ndani ya neno. Nchini Tanzania, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kikazi, imekwisha kutenganisha katika jina lake yule anayewasaidia wahusika wakubaliane na yule anayeamua kwa niaba yao, na utenganisho huo una manufaa. Lakini hata baada ya kumtoa mwamuzi, bado tunabaki na neno linaloahidi suluhu. Mwalimu Julius Nyerere, na baada yake Nelson Mandela, walipoongoza mazungumzo ya Burundi yaliyozaa Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000, neno msuluhishi liliwafaa: waliketi mbele, walipendekeza, walikemea. Oman haiketi mbele. Kuiita msuluhishi ni kuipa sifa ambayo haikuiomba, kisha kuilaumu kwa kushindwa ambako si kwake.

3.0 Mahali na Kumbukumbu

Rasi ya Musandam ni kipande cha Oman kilichotengwa na nchi nyingine na ardhi ya Falme za Kiarabu, nacho kinachungulia Mlango wa Bahari wa Hormuz. Katika sehemu yake nyembamba mlango huo una upana wa chini ya kilomita 40, na njia ambazo meli kubwa hupita zimo kwa sehemu kubwa katika maji ya Oman. Mwaka 2024 yalipita hapo mafuta ya takribani mapipa milioni 20 kwa siku, yaani karibu sehemu moja ya tano ya mafuta yanayotumiwa duniani. Nchi iliyokaa mahali kama hapo haina anasa ya kutokuwa na jirani. Bandari zake kubwa, Sohar, Duqm na Salalah, ziko nje ya mlango huo, jambo linaloipa Oman nafuu ambayo Kuwait, Qatar na Bahrain hazina. Lakini meli mbili za mafuta ziliposhambuliwa katika Ghuba ya Oman mwezi Juni 2019 ilidhihirika kuwa nafuu hiyo ina kikomo.

Kumbukumbu ya vita vya Dhofar nayo ina nafasi yake. Uasi huo ulianza mwaka 1965, na Sultani Qaboos, aliyeshika madaraka Julai 1970, aliukomesha katikati ya muongo huo kwa msaada wa Uingereza, Jordan na wanajeshi wa Iran walioletwa na Shah kuanzia mwaka 1973. Maskati haikusahau kwamba jirani wa ng'ambo aliwahi kuja kusaidia. Utawala wa Shah ulipoanguka mwaka 1979, Oman iliamua kuwa deni hilo lilikuwa kwa Iran na si kwa mtu aliyeitawala.

Baadhi ya waandishi hupenda kueleza utulivu huu kwa madhehebu ya Ibadhi, wakisema kuwa Waibadhi, kwa kuwa si Wasunni wala Washia, wamezoea kusimama kati. Maelezo hayo yana ukweli fulani, lakini yanarahisisha mno. Maimamu wa Kiibadhi walipigana vita vingi, vikiwamo vya kuwafukuza Wareno, na dhehebu halikubadilika baina ya zama zile na hizi. Kilichobadilika ni hesabu ya nguvu.

Ipo pia kumbukumbu inayogusa pwani yetu moja kwa moja. Sayyid Said bin Sultan alipofariki mwaka 1856, wanawe waligombea urithi: Thuwaini akiwa Maskati na Majid akiwa Zanzibar. Mwaka 1859 Thuwaini alitayarisha merikebu kwenda kuishambulia Zanzibar. Waingereza wakazirudisha njiani. Shauri likapelekwa kwa Lord Canning, mtawala mkuu wa Uingereza huko India, naye mwaka 1861 akatoa uamuzi: dola igawanywe mara mbili, na Zanzibar iilipe Maskati reali 40,000 za Maria Theresa kila mwaka. Huo ulikuwa uamuzi wa mwenye manowari. Ulizuia, haukuomba kujizuia, na uliacha nchi mbili dhaifu mahali palipokuwa na moja yenye nguvu, kwa faida ya aliyeamua. Taifa lililozaliwa katika umbo lake la sasa kutokana na uamuzi wa namna hiyo lina sababu ya kutomwamini kila anayejitokeza kuamua ugomvi wa wengine, likiwamo lenyewe. Sidai kwamba watunga sera wa Maskati huutaja mwaka 1861 kila wanapokutana. Nadai tu kwamba tofauti baina ya mwamuzi na mjumbe si ya kinadharia katika historia yao.

4.0 Kutokata

Ukiorodhesha mambo ambayo Oman imeyafanya katika diplomasia tangu mwaka 1979, orodha itakuwa fupi. Ukiorodhesha ambayo haikuyafanya, utaanza kuielewa. Misri ilipotia saini mkataba wa amani na Israeli mwaka 1979 na nchi nyingi za Kiarabu zikavunja uhusiano nayo, Oman haikuvunja. Waliobaki nayo katika msimamo huo walikuwa Sudan na Somalia. Katika vita vya Iran na Iraq, 1980 hadi 1988, ilibaki na mahusiano na pande zote mbili, ingawa ilikuwa mwanachama mwanzilishi wa Baraza la Ushirikiano la Ghuba, lililoundwa Mei 1981 kwa sehemu kubwa kutokana na hofu juu ya Iran. Saudi Arabia ilipovunja uhusiano na Iran Januari 2016, Oman haikufuata. Muungano ulioongozwa na Saudi Arabia ulipoanza kuishambulia Yemen Machi 2015, Oman ndiyo nchi pekee ya Baraza hilo ambayo haikujiunga. Qatar ilipowekewa mzingiro tarehe 5 Juni 2017, Oman na Kuwait hazikushiriki, na shehena za Qatar zikapata njia kupitia Sohar na Salalah.

Ni rahisi kuusoma mfululizo huu kama woga. Lakini kila kutokata kulikuwa na bei. Desemba 2013, Yusuf bin Alawi, aliyekuwa akiongoza mambo ya nje ya Oman, alisimama Manama mbele ya wenzake wa Ghuba na kusema waziwazi kwamba nchi yake inapinga pendekezo la kuligeuza Baraza kuwa muungano, na kwamba likipita Oman itajitoa. Katika miaka ya vita vya Yemen ilishutumiwa kuwa silaha zilipenyezwa kupitia mpaka wake kuwafikia Wahouthi, shutuma ambazo ilizikana. Desemba 2016 ilijiunga na muungano wa kijeshi wa nchi za Kiislamu ulioanzishwa na Saudi Arabia, hatua ambayo wengi waliisoma kuwa ni malipo kwa mkubwa aliyenuna.

Haifai pia kuiita Oman nchi isiyofungamana na upande wowote. Tangu mwaka 1980 ina makubaliano yanayoiruhusu Marekani kutumia vituo vyake vya kijeshi, na uhusiano wake na Uingereza ni wa kale zaidi ya hapo. Oktoba 2018 ilimpokea Waziri Mkuu wa Israeli, Benjamin Netanyahu, bila ya kuwa na uhusiano wa kibalozi na nchi yake. Istilahi ya kutofungamana, tuliyoizoea katika Kiswahili tangu enzi za vita baridi, humaanisha kusimama mbali na kambi zote. Oman imefanya kinyume: imejifunga kwa kila kambi kwa uzi mwembamba na kukataa uzi wowote ukatwe. Nyuzi hizo ndizo masharti ya kufaulu tuliyokuwa tukiyatafuta. Anayesema "jizuieni" baada ya kuwa amejizuia mwenyewe kwa miaka 40, tena kwa hasara, anasema kitu tofauti na anayelitamka neno hilo kwa mara ya kwanza asubuhi ya vita.

5.0 Ushenga

Katika posa ya Waswahili, mshenga ni mtu mzima mwenye heshima anayetumwa na upande wa mwanamume kupeleka maneno kwa upande wa mwanamke. Hapangi mahari, anaulizia, na jibu analirudisha. Ana ruhusa ya kulainisha neno, hana ruhusa ya kulibadilisha. Husikia mambo ya ndani ya nyumba mbili na hutarajiwa ayasahau. Akirudi mikono mitupu, hakuna anayesema kwamba mshenga ameshindwa kazi; itasemwa kuwa posa imekataliwa. Neno lenyewe halina kiambishi cha usababishi. Mpatanishi anadaiwa mapatano, mshenga anadaiwa uaminifu.

Tuiangalie kazi ya Oman kwa kipimo hiki. Baada ya raia watatu wa Marekani kukamatwa na Iran mwaka 2009 karibu na mpaka wa Iraq, Maskati ilifanya kazi ya kupeleka na kurudisha ujumbe hadi wa mwisho wao walipoachiwa Septemba 2011. Jambo hilo dogo liliwaonesha Wamarekani kuwa njia ilikuwa inapitika. Julai 2012 maofisa wa nchi hizo mbili walikutana Oman kwa siri. Machi 2013 ujumbe mzito zaidi wa Marekani, ukiongozwa na William Burns, ulikwenda huko. Yafaa kukumbuka kwamba hayo yalitokea kabla ya Hassan Rouhani kuchaguliwa kuwa rais wa Iran mwezi Juni 2013, ingawa masimulizi mengi huanzia kwake. Makubaliano ya muda yalifikiwa Geneva tarehe 24 Novemba 2013, na makubaliano kamili ya nyuklia Vienna tarehe 14 Julai 2015. Miji inayotajwa katika mikataba ni Geneva na Vienna. Mshenga hatajwi katika cheti cha ndoa.

Pingamizi kubwa dhidi ya dhana hii ni kwamba mshenga hutumwa na upande mmoja, ilhali Oman inasemekana kusimama katikati. Pingamizi hilo linajibiwa vizuri na matukio ya Machi 2025. Rais Donald Trump, ambaye Mei 2018 aliiondoa nchi yake katika makubaliano ya nyuklia, alimwandikia barua kiongozi mkuu wa Iran, Ali Khamenei. Barua hiyo ilipelekwa Tehran na mjumbe wa Falme za Kiarabu. Jibu la Iran halikurudi kwa njia ileile, lilipitia Oman. Kwa maneno mengine, aliyeposa alimtuma mshenga mmoja, na aliyeposwa akamchagua mwingine, na kuanzia hapo kila mtu akamkubali huyo wa pili. Uhalali wa mshenga hautoki kwa anayemtuma peke yake. Unatoka pia kwenye mlango unaomfungukia.

Duru ya kwanza ilifanyika Maskati tarehe 12 Aprili 2025. Kwa maelezo ya Iran, ujumbe wa Abbas Araghchi na ule wa Steve Witkoff ulikaa katika vyumba tofauti, na al-Busaidi akawa anavuka ukumbi kupeleka maneno. Mwishoni wakuu hao wawili walisemezana kwa dakika chache mbele yake. Duru ya pili, tarehe 19 Aprili, ilifanyika Roma, lakini katika makazi ya balozi wa Oman. Mshenga alikuwa amesafiri na sebule yake. Zikafuata duru za Maskati tarehe 26 Aprili na 11 Mei, na ya tano Roma tarehe 23 Mei, ambayo al-Busaidi aliieleza kuwa ilipiga hatua fulani isiyo ya kukata shauri. Tarehe 31 Mei alikwenda Tehran kwa ziara fupi akiwa amebeba vipengele vya pendekezo la Marekani. Katikati ya hayo, tarehe 6 Mei, ni yeye pia aliyetangaza kwamba Marekani na mamlaka ya Wahouthi ya Sanaa zimekubaliana kusitisha mashambulizi baina yao. Swali lililokwamisha kila kitu lilikuwa moja: je, Iran iruhusiwe kuendelea kurutubisha urani katika ardhi yake? Hilo ni swali la mahari, na mshenga halijibu.

6.0 Juni 2025

Tarehe 12 Juni, siku ileile duru ya sita ilipotangazwa, bodi ya Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki ilipitisha azimio kwamba Iran haijatimiza wajibu wake wa ulinzi wa nyuklia. Usiku huo ulipokucha mabomu yalianguka. Tarehe 22 Marekani yenyewe ilivipiga vituo vya Fordow, Natanz na Isfahan. Tarehe 23 Iran ilikielekezea makombora kituo cha Al Udeid kilichoko Qatar, na Baraza la Ushirikiano la Ghuba, ambamo Oman imo, likalaani shambulio hilo. Tarehe 24 mapigano yakasimama.

Matamko mawili ya Oman katika siku hizo yanavunja kanuni iliyoelezwa katika sehemu ya pili. Tarehe 13 iliitaja Israeli kwa jina, ikaliita shambulio hilo ukuzaji wa hatari wa mgogoro na uvunjaji wa Mkataba wa Umoja wa Mataifa, na ikaibebesha Israeli dhamana ya matokeo yake. Tarehe 22 ililaani mashambulizi ya Marekani. Hili la pili ndilo zito zaidi, kwa sababu Marekani ilikuwa mmoja wa waliomtuma. Hapakuwa na "pande zote". Kwa mtazamo wa kawaida wa usuluhishi, msuluhishi anayemlaani mmoja wa wahusika amejiharibia kazi. Kwa mtazamo wa ushenga, hesabu ni nyingine: aliyepewa ahadi ya kikao cha Jumapili na kuipeleka kwa upande wa pili, kisha upande huo ukapigwa Ijumaa, asingeweza kukaa kimya bila ya kuonekana kuwa aliijua siri. Kulaani kulikuwa namna ya kuthibitisha kwamba hakutumiwa kwa ridhaa yake.

Kama alitumiwa pasipo ridhaa yake, hilo ni jambo lingine, na ndilo linalomsumbua mwandishi wa makala haya kuliko yote. Trump alisema baadaye kwamba alikuwa ameipa Iran siku 60 na kwamba siku ya shambulio ilikuwa ya 61, kauli inayoweza kusomwa kuwa mazungumzo yalikuwa na saa ya kengele iliyofichwa, au kuwa ni maelezo yaliyobuniwa baada ya tukio. Ushahidi uliopo hadharani hauruhusu kuamua baina ya hayo mawili. Lakini kwa uchambuzi wa vitendo-uneni matokeo ni yaleyale: tangazo la tarehe 12, ambalo lilitimiza kila sharti la nje la ahadi, liliwapa wengine sababu ya kudhani kwamba hakuna kitakachotokea kabla ya Jumapili. Maneno ya kutuliza yalitenda kazi ya kupumbaza. Austin alishughulika sana na mtu anayeahidi bila nia ya kutimiza. Hakushughulika na mtu anayeahidi kwa nia safi kwa niaba ya mwingine ambaye nia yake haijulikani, na hiyo ndiyo hali ya kila mshenga.

Methali ya fahali wawili wanaopigana na nyasi zinazoumia hutajwa mara nyingi mataifa madogo yanapozungumziwa. Haifai hapa. Nyasi hazina mlango unaobishwa, wala hazina jina la kuchafuliwa. Kinachoweza kuumia Maskati ni kile ambacho mjumbe hulindwa nacho. Tunasema mjumbe hauawi, lakini mjumbe anaweza kuachwa hai huku neno lake likiuawa. Katika siku ile ya mwisho, ridhaa ya Iran ya kusitisha mapigano iliripotiwa kupatikana kwa msaada wa Qatar, ambayo ilikuwa imeshambuliwa siku moja tu kabla. Mshenga mwingine alikuwa amesimama mlangoni. Je, Oman ilikuwa imewekwa kando, au ilikuwa imejiweka kando kwa sababu ya yale iliyoyatamka tarehe 22? Matamko ya umma peke yake hayatoshi kulijibu swali hilo. Litahitaji kumbukumbu za mazungumzo yenyewe, nazo, kwa desturi ya kazi ya ushenga, hutolewa zikiwa zimechelewa sana au hazitolewi kabisa.